Bampa ya Mbele

Kila asubuhi Mzee Chande aliipangusa bampa ya gari lake kuukuu kabla ya chai. Leo hata hajaloweka kitambaa, binti yake Mwanahawa akatoka uani, mikono ameiinua, hina bado mbichi.

"Baba, acha kujichosha! Wenzetu wa upande wa bwana harusi wameshakodi gari la kunichukua kesho. Jeupe, jipya kabisa."

Mzee aliunga waya mmoja wa betri kwenye bampa, wa pili kwenye kipande cha nikeli alichokizungushia kitambaa. Akakichovya kwenye dawa ya kuvisha chuma nikeli, akaanza kukipitisha polepole pale kromu, ule utando unaong'aa, ilipobanduka.

"Harufu hiyo itafukuza wageni," Mwanahawa akacheka, lakini akachuchumaa kutazama. Chini ya mkono wa baba yake, chuma kilichopigwa msasa kikaanza kung'aa kidogo kidogo, mpaka akauona uso wake.

"Mashallah, baba! Kama kioo. Ila gari la kukodi si lipo?"

"Nimesikia lipo." Mzee aliendelea kupitisha kitambaa. "Sitaki kubaki mlangoni nikipunga mkono. Nataka nikupeleke mwenyewe, mwanangu."