Tandala na Hori la Mwenzake

Tegeni masikio, na mwenye kijicho ajitambue.

Tandala aliishi nje ya uzio wa waya, akila miiba. Ndani aliishi Palahala na wanyama wenzake, wakiletewa pumba na chumvi horini na tajiri mwenye uzio. Kila ndoo ilipogongwa, Palahala alitangulia kula, na Tandala roho ikamchoma kama pilipili.

"Yule ana nini? Pembe zangu ndefu kuliko zake!"

Siku moja akaruka waya, akatua ndani. Akawakuta wote wanakohoa, makamasi yanadondokea pumba.

"Hapa tunakula pamoja na kukohoa pamoja," Palahala akamwambia. "Lakini umekuja siku njema, bwana mkubwa. Tajiri ana mgeni, anachagua mwenye pembe ndefu kupita wote."

"Basi leo sogea, nitangulie mimi!"

"Tangulia, baba. Na kichwa ukiinue, akuone vizuri."

Tandala hakuuliza anachaguliwa kwa kazi gani. Ndoo ilipogongwa, akawapiga wenzake vikumbo, akasimama mbele, shingo juu kama bwana harusi. Mgeni hakushuka hata garini. Alipiga risasi moja, na Tandala akaanguka juu ya pumba asiyoionja.

Palahala akala pembeni yake, taratibu, huku akikohoa.

Safari nyingine tajiri akaleta mgeni mwingine. Ndoo ikagongwa. Palahala akatazama huku na huku, akitafuta mwenye pembe ndefu kuliko zake. Hakumwona.

Yangu nimeimwaga, mwenye kijicho aizoe.