Usifute Ubao

Kila darasa alilopitia Zamfira, mkuu wa shule ile ya Transilvania, watoto walisimama wima na majibu ubaoni yalikuwa sahihi. Mitihani ikija, wanafeli. Kwa nini?

Darasa la mwisho hakusimama mtu. Walikuwa wakibishana mbele ya ubao uliojaa majibu yaliyokosewa ya hesabu moja. Mwalimu wao, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi, akarukia sifongo.

“Usifute!” Zamfira akamdaka mkono. Maji ya sifongo yakamchuruzikia hadi kiwikoni. “Makosa haya ya nani?”

Mikono ikainuka darasa zima.

“Lile bovu kuliko yote langu!” msichana mmoja akajigamba.

Zamfira akachukua chaki, akapiga hesabu ileile, akaandika jibu lake.

Msichana akalikagua, akaona nalo limekosewa, akampisha asimame kati yao.

“Karibu kwetu, mwalimu mkuu.”