Karamu ya Salha

Wote mezani walizicheka kadi za Salha. Hakuwa na jeshi wala silaha. Alikuwa na Karamu, kadi inayompa kila mchezaji kadi tatu za ziada kutoka fungu lake mwenyewe, na Mwangwi, inayoirudia karamu hiyo kila zamu.

"Mtalaka wangu siku hizi mkarimu," alisema Badru, akizivuta kwa furaha. Alipomwacha Salha, aliwatangazia watu kwamba mwanamke huyo hana cha kumpa mtu. Wachezaji wengine wawili walicheka naye.

Salha alijua Badru hupenda fungu jembamba, la kadi chache, na la kwake yeye alikuwa amelijaza kupita yote. Karamu ikarudi, ikarudi tena, mpaka kadi zikamjaa Badru mikononi na nyingine zikamdondoka.

"Vuta," Salha alisema.

"Zimeisha."

"Asiye na cha kuvuta ametoka mchezoni. Nimekupa, Badru, mpaka umemaliza."

Hakuna aliyecheka. Mke mpya wa Badru, aliyekuwa akiingia na chai, alisimama mlangoni na sinia yake, akimtazama Salha, si mumewe.