Noti ya Dawa

Muuza dawa alivuta noti, nami nikaivuta.

Sikukusudia. Dawa ya kifua ya mke wangu ilikuwa juu ya kaunta, tayari imefungwa kwenye mfuko. Pesa ninazo, na nyingine nimezishonea ndani ya mkanda, zinatosha dawa ya mwaka mzima. Miaka ishirini na mitano nimechomelea mageti ya watu nikiweka tu. Ila vidole viligoma kufunguka.

"Achia basi, mzee! Au umeipaka gundi?" muuza dawa akasema akicheka.

Watu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, huku kucha zimekuwa nyeupe kwa kubana.

Wiki iliyopita nilinunua nusu dozi, nikamwambia mke wangu daktari ndiye aliyepunguza. Siku zote nimejiita mtu wa akiba. Lakini mtu wa akiba huitoa siku ya shida. Siku yenyewe ilikuwa hii, na mkono wangu mwenyewe haukunisikiliza. Pale kwenye kaunta nikajua kuwa naumwa kuliko mke wangu.

Muuza dawa alinitazama usoni, akaacha kucheka. Akaiachia noti.

"Utarudi ukiwa tayari, mzee wangu," akasema taratibu, akaurudisha mfuko kwenye rafu.

Nilipofika nje simu ikaita. Mke wangu alikohoa kwanza, kisha akauliza, "Umepata, baba watoto?"

"Zimeisha. Wamesema labda wiki ijayo."

"Haya. Rudi basi, jua kali."

Hakuuliza nilikwenda duka gani, wala hakuniambia nijaribu jingine.