Mahojiano ya Mkunga

Chini ya miba ya samaki aliyemla kibandani, kwenye karatasi yenye mafuta, Siwema aliliona jina la mkunga Mwanamkuu. Ulikuwa ukurasa wa tasnifu aliyoitafuta miezi sita. Kwenye mtandao haimo, na maktaba ya chuo walimwambia imepotea. Bila mahojiano yaliyomo, ya wakunga ambao wote wamekwisha kufa, utafiti wake hauna pa kuanzia.

"Mama, karatasi hizi umezipata wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa haohao wa maktaba yenu," mkaanga samaki akajibu. "Wanauza kwa kilo. Nzito, hazipitishi mafuta."

Siwema akaisogeza miba pembeni, akaikunja karatasi yake.

"Naomba zilizobaki."

"Limebaki jalada tu, mwanangu. Za ndani nimefungia watu tangu asubuhi."

"Ndiyo maana leo nimeshiba elimu!" alidakia mhadhiri mmoja aliyekaa kwenye benchi, shati limenyooshwa vizuri. Wenzake wakacheka. Akajifuta midomo kwa ukurasa, akaukunjakunja, akautupa nyuma ya kibanda bila hata kuutazama.

Siwema akainuka, akazunguka nyuma.

Jalala lilivuma nzi. Kurasa zilitapakaa kati ya matumbo ya samaki na maganda ya ndizi. Mbwa mwenye upele alikuwa ameukanyaga mmoja, akiulamba taratibu, mstari kwa mstari.

Siwema alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa mbele yake, akanyoosha mkono.