Samani Isiyotumika

"Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia leo, kamba iliyofunga kalamu ya dirisha namba tatu imeongezwa urefu wa sentimita kumi na tano. Mwombaji halazimiki tena kuinama anapotia sahihi."

Tangazo hilo lilikuwa na mhuri mmoja na sahihi mbili. Karani wa rufaa alilibandika mwenyewe, akalinyoosha kwa kiganja, kisha akaketi nyuma ya kioo na kuita jalada la kwanza.

Jalada la kwanza lilikuja na watu wawili: fundi seremala mzee, mrefu, aliyepumua kama mtu anayepiga msasa, na mkewe, aliyebeba mkoba na, kwa jinsi alivyomshika mumewe kiwiko, alikuwa amembeba mumewe pia.

"Mama, kiti hicho hapo," karani akasema.

"Nitasimama naye."

Ruzuku ya wazee ilitolewa kwa kaya isiyozidi alama kumi. Kaya hii ilikuwa na kumi na mbili. Paa la bati, nne. Sakafu ya saruji, tatu. Redio, moja, ingawa mkaguzi aliandika pembeni kwamba ilikuwa haisemi. Nne zilizobaki zilikuwa mstari wa mwisho, na karani akausoma kwa sauti: "Samani nyinginezo. Mbao ngumu, futi sita na nusu, vishikio vya shaba, imefunikwa shuka. Haitumiki." Akainua macho. "Hizi ndizo zinazowaangusha. Ni kweli?"

"Futi sita na inchi nne," mzee akasahihisha. "Mkaguzi wenu alikadiria tu kutoka mlangoni. Hakutaka kuingia."

"Umekitengeneza mwenyewe?"

"Kazi yangu ya mwisho. Mvule mtupu, hakuna msumari hata mmoja. Miaka arobaini natengenezea watu, nikasema sasa nijitengenezee changu, huyu asije akahangaika."

"Usianze," mkewe akasema, akilitazama tangazo la kamba. "Nilishakwambia, si mbele yangu."

Karani alikwisha kuona ndoa nyingi zikitetereka kwa sababu ya samani. Hakushangaa.

"Mnalala wapi?"

"Chini, mkekani."

"Na kitu chenyewe kipo chumbani?"

"Kipo."

"Hukilalii?"

"Bado," mzee akasema.

Karani aliandika neno hilo pembeni, akalitazama, akalikata. Halikuwa na sehemu yake kwenye fomu.

"Basi kiuzeni."

"Nimekichonga jina langu, mwanangu, tena nimekikata kwa kipimo changu. Labda unitafutie mtu mwenye jina langu na urefu wangu."

"Na ruzuku mnaitakia nini hasa?"

"Dawa ya kuvuta." Mzee akajigonga kifua kwa kidole. "Vumbi la mbao limejenga humu, halitaki kuhama. Mimi na pumzi yangu siku hizi tunasalimiana tu. Daktari anasema nikiikosa ile dawa, mvua zijazo zitanyesha bila mimi."

"Hakusema hivyo," mkewe akasema.

"Alisema kwa adabu zaidi."

Karani alikuwa mtu wa kanuni, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliamini, bila ushahidi wowote, kwamba kila kanuni ina mlango wa nyuma. Alipekua kitabu cha miongozo hadi kifungu cha kumi na nne, na hapo akauona: samani inayotumika ni hitaji la kaya, haihesabiwi, samani isiyotumika ni akiba, inahesabiwa. Akasogea karibu na kioo, akashusha sauti, kwa kuwa ofisi ile haikulipa watu kwa ajili ya kuwaonea wengine huruma.

"Mzee, njia ipo, tena rahisi. Anza kukitumia. Hata leo. Mkaguzi akirudi kesho akukute umejilaza tu, mimi nafuta hizi nne. Mnabaki na nane, na dawa unapata."

Mzee akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mpaka kipaji cha uso kikagusa kioo. Mkewe alingoja kikohozi kiishe. Kilipoisha, akamwachia kiwiko, kwa mara ya kwanza tangu waingie, akaupakata mkoba na kutoka nje bila kuaga.

"Nimesema nini?" karani akauliza.

"Hujakosea, mwanangu. Umenishauri tu."

"Kuna jambo moja. Mkaguzi hakutaja jina la kitu chenyewe, na sehemu hii haiwezi kubaki wazi. Ni kitanda, siyo?"

Mzee akageuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Akausogeza mdomo kwenye tundu la kioo na kusema neno moja.

Karani hakuliandika papo hapo. Alikisoma tena kifungu cha kumi na nne, mara mbili, akitafuta kama kilikuwa na kifungu kidogo chini yake. Hakikuwa nacho. Barua ya uamuzi ilikuwa imekwisha kuchapwa, kama barua zote za ofisi ile. Ilipungukiwa na neno moja tu, la mwisho. Akalijaza kwa mwandiko safi, akagonga mhuri, akaipitisha chini ya kioo.

Mzee akatia sahihi ya kuipokea. Kamba ilitosha, hakulazimika kuinama.

"Ombi limekataliwa kwa sasa," barua ilisema. "Litafikiriwa upya siku mwombaji mwenyewe atakapofika dirishani na kuthibitisha kwamba ameanza kutumia jeneza."