Usiitike

Mwatime alilala ndani ya mtambo wa kupiga picha za moyo, mikono kaibana ubavuni. Uvimbe ulioushika moyo wake baada ya kujifungua ulikuwa umepoa. Lakini juzi alizimia jikoni, mtoto akiwa mgongoni, na daktari hakumficha: uvimbe ukiacha kovu, siku yoyote mapigo yanaweza kuvurugika, asiamke tena. Likionekana mapema, atawekewa kifaa cha kuushtua moyo.

“Mwatime! Bana pumzi!” Sauti ya Mzee Shebwana, mpiga picha, ilitoka kwenye spika.

“Abee!”

“Ah, mwanangu! Umeniharibia tena. Nikikuita usiitike.”

“Nisamehe, baba. Ndivyo nilivyolelewa. Mkubwa akiniita siwezi kunyamaza.”

“Basi leo nikosee adabu, nimekuruhusu. Ukisema, kifua kinacheza, na kovu halionekani.”

Mara ya tatu akaita. Jibu lilimpanda Mwatime hadi kooni, akalimeza, akabana pumzi. Mtambo ukagonga kwa kishindo. Katikati ya kishindo kile moyo wake ukaruka pigo moja. Alitamani kupiga kelele, lakini hakusogea. Akalingoja pigo linalofuata kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Likaja.

Kitanda kilipomtoa nje, alimwona Mzee Shebwana nyuma ya kioo, akimpungia daktari mkono aje upesi. Wote wawili wakainamia skrini. Kidole cha daktari kikaanza kuzunguka taratibu juu ya picha, pale pale, pale pale.